Mchagua Jembe na Mchagua Kipakatalishi: Vigezo vya Kupima Mashine Nyembamba Kabla ya Kuinunua

Utangulizi

Mchagua jembe si mkulima. Methali hii huwakemea wale wanaougeuza uteuzi wa zana kuwa kisingizio cha kuikwepa kazi. Miongoni mwa wakulima wa mahindi wa Naitiri, katika eneobunge la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, maana yake haihitaji mfasiri. Mvua za Machi na Aprili hazimsubiri mtu anayezunguka madukani akilinganisha majembe. Anayetaka kulima hulima kwa jembe lililopo, na mpini ukivunjika hukata mti mwingine akachonga mpini mpya.

Hata hivyo, ipo zana moja ambayo methali hii haiwezi kuihukumu kwa wepesi huo. Zana hiyo ni kipakatalishi chembamba cha kazi za ofisi. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Naitiri huku akisomea shahada ya uzamili. Mwalimu huyo hununua mashine ya aina hii mara moja kwa miaka mingi, aghalabu kwa mkopo wa chama cha akiba au kwa fedha za mavuno. Ndani yake ataweka tasnifu, mitihani ya wanafunzi wake, na sauti za wazee aliowarekodi nyanjani wakisimulia ngano na kuimba nyimbo za jando. Baadhi ya wazee hao hawatakuwepo kurekodiwa mara ya pili. Kwa hivyo, kosa katika ununuzi laweza kuzaa hasara ambayo fedha haiwezi kuifidia.

Makala haya yanakusudia kufafanua vigezo vinavyofaa kutumiwa na mnunuzi wa aina hiyo. Hoja kuu ni kwamba wembamba hautolewi bure. Kila milimita iliyopunguzwa katika umbo la mashine imeondoa kitu fulani, na mnunuzi hana budi kukijua kilichoondolewa kabla ya kutoa fedha zake.

Neno na Umbo

Neno 'kipakatalishi' limeundwa kwa ustadi. Sehemu yake ya kwanza inatokana na kitenzi 'pakata', yaani kumweka mtoto mapajani, na sehemu ya pili inalirejesha neno kwenye 'tarakilishi'. Anayelisikia kwa mara ya kwanza huona picha ya mashine iliyotulia mapajani kama mtoto. Picha hiyo ni ya kupendeza, lakini ina mtego ndani yake. Mashine nyingi za aina hii huvuta hewa ya kupoza kupitia matundu yaliyo upande wa chini. Ikipakatwa juu ya blanketi, au ikiwekwa juu ya kitambaa cha kochi kilichofumwa kwa mkono kama vilivyo katika sebule nyingi za Bungoma, matundu hayo huzibwa, joto hupanda, na mashine hupunguza kasi yake ili isiungue. Kipakatalishi, licha ya jina lake, hudumu zaidi juu ya meza.

Umbo lenyewe limepitia mabadiliko makubwa. Toshiba T1100 ya mwaka 1985, mojawapo ya mashine za mwanzo za aina hii kuuzwa kwa wingi, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 4. Mnamo Januari 2008, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alichomoa MacBook Air kutoka ndani ya bahasha mbele ya hadhira. Uzito wake ulikuwa kilo 1.36. Tangu siku hiyo watengenezaji wengine wamekuwa wakishindana kupunguza unene, na mwaka 2011 kampuni ya Intel ilianza kuzitangaza mashine nyembamba kwa jina la Ultrabook. Jambo ambalo hadhira ya 2008 haikulitazama sana ni kwamba betri ya mashine ile ilifungiwa ndani na kumbukumbu yake iliunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Mwenye nayo hakuweza kuiongeza hata kama angekuwa na fedha.

Kilichoondolewa ili Kupata Wembamba

Mambo manne huathirika unene unapopunguzwa. La kwanza ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM. Katika mashine nene kidogo, RAM huwa ni kadi inayochomekwa katika nafasi yake na inaweza kubadilishwa kwa dakika chache. Katika nyingi zilizo nyembamba sana, huunganishwa kwa risasi ya kulehemu kwenye ubao mkuu. Anayenunua mashine ya namna hiyo yenye GB 4 atabaki na GB 4 hadi siku ya kuitupa.

La pili ni betri. Zamani ilichomolewa kwa mkono. Siku hizi katika mashine nyingi imefichwa chini ya kifuniko cha skrubu, na katika nyingine imegandishwa kwa gundi. Betri za lithiamu huchakaa hata zikitunzwa vyema. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara mia kadhaa, uwezo wake hupungua kwa kiasi kinachoonekana. Kubadilisha betri ni jambo la lazima katika maisha ya kipakatalishi, na swali ni iwapo fundi wa Kitale au wa Bungoma mjini ataweza kuifikia bila kuharibu kitu kingine.

La tatu ni matundu ya kuunganishia. Mtafiti wa fasihi simulizi huhitaji tundu la kadi ya kinasasauti, tundu la USB la ukubwa wa kawaida kwa ajili ya diski ya nje, na tundu la kuunganishia projekta siku ya kutetea tasnifu. Mashine nyembamba sana huyapunguza matundu haya hadi mawili au matatu, na mwenye nayo hulazimika kununua vipachiko.

La nne, na pengine zito zaidi, ni hifadhi yenyewe. Katika mashine nyingi za kazi za ofisi, hifadhi ni kijikadi kinachoweza kuchomolewa. Ubao mkuu ukiungua, fundi hukichomoa na kukisoma kwa mashine nyingine, na sauti za wazee zikasalimika. Katika baadhi ya mashine, kwa mfano MacBook Air zilizotoka tangu 2018, hifadhi imeunganishwa kwenye ubao mkuu. Ubao ukifa, yaliyomo huenda yakafa nao. Hapa pana angalizo moja. Mashine nyingi za Windows hufunga hifadhi kwa msimbo wa siri unaoitwa BitLocker, na kuifungua katika mashine nyingine kunahitaji ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hauna budi kuandikwa karatasini na kuwekwa mahali salama mapema, si siku ya msiba.

Mashine Tatu za Mwaka Mmoja

Ili hoja hii isibaki ya kinadharia, inafaa kulinganisha mashine tatu za mtengenezaji mmoja. Kampuni ya IBM ilianzisha jina la ThinkPad mwaka 1992, na mwaka 2005 kitengo chake cha tarakilishi ndogo kikachukuliwa na Lenovo ya China. Mwaka 2018 Lenovo ilitoa ThinkPad T480, T480s na X1 Carbon ya toleo la 6. Zote ni za kazi za ofisi, zote zina kiwambo cha inchi 14, na zote hupatikana zikiwa zimetumika.

T480 ina unene wa milimita 19.95 na uzito unaoanzia kilo 1.58. Ina nafasi mbili za RAM na betri mbili, mojawapo ikiwa ndani na nyingine ikichomolewa kwa mkono. T480s ina milimita 18.45 na uzito unaoanzia kilo 1.32. Sehemu ya RAM yake imeunganishwa kwenye ubao na nafasi ya kuongeza imebaki moja, na betri yote iko ndani. X1 Carbon ina milimita 15.95 na uzito wa kilo 1.13 hivi. RAM yake yote imeunganishwa kwenye ubao, na tundu la kadi ya ukubwa wa kawaida halimo.

Tofauti ya unene kati ya T480 na T480s ni milimita moja na nusu. Tofauti ya uzito ni takriban robo kilo, sawa na kipimo cha sukari ambacho mtoto hutumwa kununua dukani jioni. Kwa robo hiyo ya sukari, mnunuzi amesalimisha betri ya kuchomoa na nafasi moja ya RAM. Msafiri anayepanda ndege kila wiki anaweza kuuona mpango huu kuwa wa haki. Mwalimu anayetoka nyumbani hadi shuleni kwa bodaboda, na ambaye umeme ukikatika saa moja jioni hajui utarudi lini, ana sababu ya kuubeba uzito huo bila kunung'unika.

Umri wa Programu

Kigezo cha pili ambacho hakionekani kwa macho ni umri wa programu. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Mashine iliyobaki na programu hiyo haizimiki, lakini bila mpango wa nyongeza haipati tena marekebisho ya usalama. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, inadai masharti maalum, yakiwemo kijenzi cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na, kwa vichakataji vya Intel, aghalabu kizazi cha 8 au cha baadaye.

Jambo hili limeshusha bei za mashine nyingi nzuri zilizotoka kabla ya 2018, na wauzaji wanazitoa kwa wingi. Mnunuzi asitosheke na jina la mashine. T480, kwa mfano, iliuzwa pia ikiwa na kichakataji cha kizazi cha 7. Namba ya kichakataji ndiyo inayosema kweli. Katika 'i5-8250U', tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 8, ndiyo kizazi. Katika 'i5-7300U' kizazi ni cha 7, ingawa ganda la nje ni lile lile na kibandiko ni kile kile. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hii haina maana kuwa mashine ya kizazi cha 7 ni takataka. Inaweza kuwekewa Linux na kutumiwa pamoja na LibreOffice, ambazo hupatikana bila malipo. Njia hii ina historia yake katika Kiswahili. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili, kiasi kwamba ukurasa wa tasnifu haujai mistari myekundu chini ya kila neno. Kikwazo ni kuwa msimamizi akirudisha sura iliyojaa maoni yake katika Microsoft Word, mpangilio unaweza kuyumba unapofunguliwa kwa programu nyingine. Ni busara kulijaribu jambo hilo kwa sura moja kabla ya kuamua.

Kuhusu ukubwa wa hifadhi, hesabu ni rahisi. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa diski ya muziki, bila kubanwa, huchukua takriban MB 635. Saa 40 za mahojiano ni kama GB 25. Hifadhi ya GB 256 inatosha kwa tasnifu na sauti zake. Ni afadhali fedha za kulipia GB 512 ziende kwenye diski ya nje ya kuwekea nakala, kwa sababu hakuna mashine, iwe nene au nyembamba, inayostahili kuaminiwa kuwa mahali pekee pa kuhifadhia sauti ya marehemu.

Umeme, Radi na Barabara

Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na soketi ni za pini tatu za mraba kama za Uingereza. Hivyo, mashine iliyotoka Uingereza, ambayo wauzaji huiita 'ex-UK', huja na plagi inayoingia ukutani. Iliyotoka Marekani huja na plagi ya pini bapa, na kibodi yake hutofautiana kidogo katika nafasi za alama. Kiswahili hakihitaji herufi za ziada, ila ritifaa ya 'ng'ombe' na 'ng'oa' hutumika kila ukurasa, na kitufe chake hakina budi kujaribiwa.

Magharibi mwa Kenya ni eneo la radi nyingi. Wakati wa mvua ya alasiri, chaja ichomolewe ukutani hata kama kuna kifaa cha kudhibiti umeme, kwa kuwa vifaa vidogo vya aina hiyo havistahimili radi inayopiga karibu. Hapa ndipo betri nzima inapoonyesha thamani yake: mwenye nayo huendelea kuandika huku plagi ikiwa imeng'olewa. Nyumba zinazotegemea sola zinahitaji hesabu nyingine. Chaja ya kipakatalishi cha aina hii huwa ya wati 45 hadi 65, ilhali mifumo midogo inayowasha taa chache na kuchaji simu haikuundwa kwa mzigo huo.

Ukaguzi Kabla ya Kulipa

Iwapo mashine imekwisha kutumika, ukaguzi wa nusu saa dukani hufaa kuliko ahadi ya muuzaji. Kwanza, ripoti ya betri itolewe. Katika Windows, amri powercfg /batteryreport huandaa ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilikuwa na saa-wati 50 na sasa ina 30, imebaki na asilimia 60, na bei ya betri mpya iingizwe katika mapatano.

Pili, mashine izimwe kabisa, iwashwe tena, na ukurasa wa mipangilio ya ndani ufunguliwe. Mashine zilizokuwa mali ya makampuni wakati mwingine huwa bado zimefungwa kwa nywila ya msimamizi wa zamani. Yenye kufuli ya namna hiyo isinunuliwe, kwani kuifungua ni kazi ngumu, na huenda ikawa iliibwa.

Tatu, kila kitufe kibonyezwe, kila tundu lijaribiwe kwa kifaa halisi, bawaba zifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, na kiwambo kitazamwe kikiwa cheupe ili madoa yaonekane. Nne, kinasasauti cha ndani na spika vijaribiwe kwa kurekodi sentensi moja na kuisikiliza. Tano, muuzaji aulizwe waziwazi: RAM inaongezeka? Betri inapatikana wapi, na kwa bei gani? Muuzaji anayejibu kwa kusifu rangi ya mashine ameshatoa jibu.

Haki za Mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na taarifa zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Kuna pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Hata hivyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina tahadhari: mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kuegemea sharti la ubora kuhusu kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kwa maneno mengine, ukaguzi wa juujuu unaweza kumdhuru mnunuzi. Akikagua, akague kwa dhati.

Risiti nayo iandikwe namba maalum ya mashine, kizazi cha kichakataji, kiasi cha RAM na muda wa dhamana. Maneno 'laptop moja' juu ya risiti hayathibitishi chochote siku ya mabishano. Anayelipa kwa M-Pesa ahifadhi ujumbe, lakini ajue kuwa ujumbe huo unathibitisha malipo pekee. Hausemi kilichonunuliwa.

Hesabu ya Miaka

Bei ya siku ya kwanza hupotosha. Njia ya haki ni kujumlisha gharama zote na kuzigawanya kwa miaka ya matumizi. Tuseme, kwa minajili ya ufafanuzi tu, kuwa mashine nyembamba iliyounganishwa kila kitu inauzwa kwa shilingi 45,000, na baada ya miaka 2 RAM yake haitoshi tena na haiwezi kuongezwa. Gharama yake ni shilingi 22,500 kwa mwaka. Tuseme pia kuwa iliyo nene kidogo inauzwa kwa shilingi 38,000, ikaongezewa RAM ya shilingi 4,000 na betri ya shilingi 6,000, ikafanya kazi kwa miaka 4. Jumla ni shilingi 48,000, sawa na shilingi 12,000 kwa mwaka. Iliyoonekana kuzidi gharama kwa jumla imekuwa nafuu kwa karibu nusu.

Hesabu hii inaweza kugeuka. Mtu mwenye maumivu ya mgongo, au anayetembea masafa marefu na mzigo begani, ana haki ya kuuthamini wepesi kuliko fedha. Akichagua hivyo, anunue iliyo na RAM ya kumtosha tangu mwanzo, yaani GB 16 badala ya 8, kwa kuwa mlango wa kuongeza umefungwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wembamba ni sifa yenye bei, na kwamba bei hiyo hulipwa kwa RAM isiyoongezeka, betri isiyofikika, matundu yaliyopungua na, katika baadhi ya mashine, hifadhi isiyookoleka. Yameonyesha pia kuwa umri wa programu hutegemea namba ya kichakataji kuliko jina la mashine, na kuwa haki ya mnunuzi huanzia katika ukaguzi na kuishia katika risiti iliyoandikwa vizuri.

Tukirudi kwenye methali, mkulima wa Naitiri hana haja ya kuchagua jembe kwa sababu mpini wake unaweza kubadilishwa na yeyote mwenye panga. Kipakatalishi chembamba kupita kiasi ni jembe ambalo mpini wake umelehemewa kwenye bapa. Likivunjika katikati ya msimu, shamba hubaki nusu. Mwalimu anayekwenda Kitale au Bungoma na fedha za mavuno mfukoni anafaa kuwa mchagua jembe kwa siku moja, ili apate kuwa mkulima kwa miaka inayofuata.